Bwawa la Uani Linakunywa Maji: Kusoma Dalili Kabla ya Kubomoa Tailizi

Kabla hujamwita fundi aje na nyundo, chukua ndoo.

Simu nyingi ninazopokea, ziwe za Forest au Uzunguni hapa Mbeya, ziwe za Gangilonga kule Iringa, huanza kwa maneno yaleyale: "Fundi, bwawa limechoka, nataka tulifumue lote." Ninapofika mara nyingi nakuta bwawa halijachoka. Limekosa dawa, au filta imeziba, au mdomo wa skima, lile tundu la ukutani linalovuta maji ya juu na uchafu unaoelea, umeachana na zege kwa upana wa unywele. Mara nyingine hali ni kinyume kabisa. Mwenye nyumba ananiita nimpakie grauti (saruji ya kujazia kati ya tailizi) mpya kwenye mistari michache, nami nikigonga ukuta nasikia nondo zimeshaanza kuoza ndani. Wa kwanza angetupa fedha bure, na wa pili angezitupa baadaye. Kazi ya mwongozo huu ni kukusaidia ujue wewe ni yupi kati ya hao wawili.

Maji yanapungua

Dalili hii ndiyo inayotisha watu kuliko zote, na ndiyo inayosomwa vibaya kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Maji ya bwawa lililo wazi hupungua kila siku hata kama halivuji popote. Katika nyanda zetu, Septemba na Oktoba hewa ni kavu na upepo wa mchana hautulii, na milimita 5 kwa siku si jambo la kushangaza. Usidhani kipupwe kinasimamisha upotevu huo. Asubuhi ya Julai ukiona ukungu mwembamba unapanda kutoka juu ya maji, hayo ni maji yako yanaondoka, kwa sababu maji yamebaki na joto kuliko hewa ya usiku.

Ndoo ndiyo itakayokutofautishia. Iweke kwenye ngazi ya kwanza ya bwawa na utie jiwe ndani isielee. Ijaze mpaka maji ya ndani yalingane na maji ya nje. Weka alama ya penseli au utepe ndani ya ndoo, na nyingine ukutani mwa bwawa. Funga koki ya kujazia na boya lake, mtu asiogelee, na uache saa 24 pampu ikifanya kazi kama kawaida. Kesho yake rudia saa 24 nyingine pampu ikiwa imezimwa. Mvua ikinyesha, anza upya.

Kama ndoo na bwawa vimeshuka sawa, hilo ni jua na upepo. Pumzika. Kama bwawa limeshuka zaidi ya ndoo, linavuja, na namna linavyoshuka itakuambia pa kutafuta. Likishuka zaidi pampu inapofanya kazi, shuku bomba linalorudisha maji bwawani, maana ndilo lenye presha wakati huo. Likishuka zaidi pampu ikiwa imezimwa, shuku bomba la kuvuta. Bomba la kuvuta lililotoboka hujitangaza pia kwa viputo vinavyotoka kwenye midomo ya kurudishia, kwa sababu pampu inanyonya hewa pamoja na maji. Likishuka kiasi kilekile siku zote mbili, tatizo liko kwenye bwawa lenyewe: skima, taa, kifuniko cha chini (kile cha tundu la sakafuni pampu inakovutia maji), au ufa.

Hapo wakati wa kiangazi mimi huzima pampu na kuliacha lishuke lenyewe nione linakosimamia. Likikoma chini kidogo ya mdomo wa skima, umeshampata mwizi. Likikoma usawa wa taa, ni bomba la waya nyuma ya taa. Lisipokoma, tafuta sakafuni. Ukishapata eneo, chukua bomba la sindano lisilo na sindano, vuta rangi ya chakula, na uiachie polepole karibu na mwanya unaoushuku maji yakiwa yametulia. Pale panapovuja, rangi huinama na kuingia ndani kama moshi unaovutwa na dirisha.

Sasa piga hesabu. Bwawa la mita 8 kwa 4 likipoteza sentimita 1, umepoteza lita 320. Ukipoteza sentimita 2 kila siku kwa sababu ya uvujaji, ni lita 19,200 kwa mwezi, na lita hizo hazipotei hivihivi, zinalowesha udongo uliobeba bwawa lako.

Udongo nao una tabia zake. Kwenye udongo mwekundu wa mfinyanzi utaona nyasi zimenawiri upande mmoja, au ukuta wa uzio umelowa mwezi ambao haukunyesha. Rungwe na pembezoni mwa Tukuyu, kwenye majivu ya volkano na mawe mepesi ya pumisi, maji hupita kama kwenye chujio. Bwawa linaweza kuvuja miaka na usione hata kiraka cha unyevu, kwa hiyo usiseme "uani ni pakavu, basi haivuji."

Je, uvujaji unatosha kufumua bwawa? Peke yake, hapana. Skima iliyoachana na zege huzibwa kwa gundi ngumu ya epoksi ya kutumika ndani ya maji, kwa nusu siku. Bomba moja huchimbwa na kubadilishwa. Ninaposhauri kufumua ni pale mabomba yaliyopita chini ya sakafu yameshazibwa na kuvuja tena mara mbili tatu, au pale kipimo cha rangi kinapoonyesha maji yanaingia sehemu nyingi za ukuta kwa pamoja. Hapo ngozi nzima ya bwawa imeacha kuzuia maji.

Nyufa

Kuna ufa wa lipu na kuna ufa wa mwili.

Ufa wa lipu ni mwembamba, umetapakaa kama utando wa buibui, hauna mwanzo wala mwisho. Hutokea lipu ilipokaushwa haraka na jua na upepo kwa sababu hakuna aliyeimwagilia siku za mwanzo. Ukitia rangi ya chakula, haiingii. Uache.

Ufa wa mwili ni mstari. Unaanza kwenye ukingo, unakata tailizi katikati badala ya kufuata mistari ya grauti, unashuka ukutani na kuendelea sakafuni. Huu unahitaji subira zaidi ya nyundo. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake zote mbili na uandike tarehe. Sehemu iliyo juu ya maji, bandika kipande chembamba cha kioo kukatiza ufa, kwa gundi ngumu pande zote mbili. Kioo kikikatika, ukuta unatembea. Pima mwishoni mwa kiangazi na mwishoni mwa masika, kwa sababu udongo wa mfinyanzi husinyaa Oktoba na kuvimba Machi, na ufa unaofunguka na kufunga kwa majira hauzibwi kwa saruji ya kawaida. Utazibwa leo, utarudi mwakani mahali palepale.

Kipo kipimo kingine ambacho hakigharimu hata shilingi. Tazama mstari wa uchafu wa zamani kwenye tailizi za juu, ule ulioachwa na maji ya miaka iliyopita, kisha tazama maji yalivyo leo. Maji yaliyotulia huwa sawa daima. Kama mstari wa zamani umeinama ukilinganisha na maji ya leo, bwawa limezama upande mmoja tangu mstari ule ulipojichora. Hapo niite, lakini kwanza muite mhandisi.

Niliwahi kufungua bwawa moja Iringa lililopasuka mara tatu mahali pamoja. Kila fundi aliyetangulia alikuwa amechimba ufa, akajaza, akabandika tailizi mpya. Tulipofungua ubavuni tukakuta upande wa kina kirefu umekaa juu ya mwamba, na upande wa watoto umekaa juu ya kifusi kilichojazwa wakati wa kusawazisha kiwanja. Iringa ni mji wa miamba, hili litakutana na wengi. Mwamba haushuki na kifusi kinashuka kidogokidogo, na ufa ulikuwa umepita hasa hapo viwili hivyo vilipokutana. Hakuna tailizi duniani ambayo ingezuia jambo lile. Mama mwenye nyumba aliniuliza, "Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa nalipia rangi ya mdomo?" Iliniuma, maana alikuwa amelipa kwa uaminifu kila mara.

Kwa upande wa Mbeya kuna la kuongeza: tumekaa karibu na mahali ambapo mikono ya Bonde la Ufa inakutana, na mitetemeko midogo si habari ngeni. Baada ya kila mtetemeko ulioamsha watu usingizini, zunguka bwawa lako ukiwa na penseli.

Ufa unaosogea, ufa ambao upande wake mmoja umepanda juu ya mwingine, au bwawa lililoinama: hizi ni dalili za ukarabati mkubwa, bila mjadala, na ukarabati wenyewe unaanza kwenye udongo.

Tailizi zinabanduka

Shusha maji kidogo, chukua mpini wa bisibisi, gonga tailizi moja baada ya nyingine. Iliyoshika hutoa sauti fupi na ngumu. Iliyoachia hulia kama mtungi mtupu. Ziwekee alama ya chaki.

Zikiwa chache na zimetawanyika, zibandue, safisha, bandika upya kwa gundi ya tailizi inayofaa kukaa ndani ya maji, maliza. Kwangu mimi, zikilia zaidi ya thelathini katika kila mia, sibandiki moja moja tena. Utazifukuza miaka mitatu na bado utafumua.

Jiulize pia kwa nini zimeachia. Sababu ninayoikuta mara nyingi ni uji wa saruji uliopakwa juu ya lipu laini iliyosuguliwa kama sakafu ya sebule. Ya pili ni kutoacha mwanya wa kutanukia. Julai jua la mchana linachoma na usiku baridi inauma mifupa, tailizi zinatanuka na kusinyaa kila siku, na zikibanana zinasukumana mpaka zinaruka. Ya tatu iko kwenye maji yenyewe. Maji laini, yasiyo na kalsiamu ya kutosha, hujitafutia kalsiamu kwenye grauti na lipu yako. Maji ya mvua ni ya namna hiyo, na wengi wetu hujazia bwawa kwa maji ya paa wakati wa masika. Pima ugumu wa maji: bwawa la lipu na tailizi linahitaji kati ya 200 na 400 kwa kipimo cha miligramu kwa lita. Ukiwa chini, ongeza kalsiamu kloraidi. Ukiacha, grauti italika na kubaki mifereji mitupu, nawe utamlaumu fundi aliyefanya kazi nzuri.

Madoa

Tembe ya vitamini C ya duka la dawa ndicho kifaa changu cha kwanza. Isugue juu ya doa kwa dakika moja. Likififia, ni chuma, na mara nyingi kimekuja na maji ya kisima au udongo mwekundu. Lisipofifia, jaribu klorini kidogo. Doa la majani ya mjakaranda au mkaratusi hufifia kwa klorini. Yote mawili ni mambo ya usafi.

Doa linalonitia wasiwasi ni la kahawia lenye kitovu, ukilipapasa lina kinundu, ukilisafisha linarudi baada ya wiki chache palepale. Hiyo ni nondo. Maji yamefika kwenye chuma, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, kwa hiyo inalisukuma zege kutoka ndani. Likiwa moja au mawili, chimba mpaka nondo ionekane, isafishe ing'ae au ukate kipande kilichooza, paka dawa ya kuzuia kutu, ziba kwa saruji maalumu ya kukarabatia. Lakini simama mbali kidogo uangalie bwawa lote likiwa tupu. Ukiona madoa yamejipanga mistari, yameachana kwa umbali unaolingana, unatazama wavu mzima wa nondo uliofunikwa na zege jembamba mno. Usipoteze hata shilingi kwenye viraka. Panga ukarabati.

Maji ya kijani yasiyokubali dawa

Hapa karibu kila mara bwawa halina kosa. Pima asidi kwanza, yaani pH: iwe kati ya 7.2 na 7.6. Ikiwa juu ya 8, klorini unayotia inafanya kazi kidogo sana. Klorini huru iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita. Kama kwa miaka umetumia vidonge vya klorini pekee, pima pia asidi ya sayanuriki. Vidonge hivyo huiacha nyuma, haiondoki kwa jua, na ikishapita miligramu 100 kwa lita klorini inafungwa mikono. Dawa yake ni kutoa sehemu ya maji na kujaza mapya.

Jambo moja nalisisitiza kwa moyo wote: usichanganye klorini ya vidonge na klorini ya unga wa kalsiamu kwenye chombo kimoja, hata kama ni kikombe kilekile cha kupimia. Zinaweza kulipuka. Na dawa huingia kwenye maji, kamwe maji hayamwagwi juu ya dawa.

Kisha filta. Andika presha ya geji siku ilipotoka kusafishwa. Ikipanda bar 0.5 hadi 0.7 juu ya hapo, rudisha maji nyuma uisafishe. Mchanga wake hubadilishwa kila miaka 5 hadi 7. Mchanga ukionekana sakafuni mwa bwawa, vidole vya plastiki vilivyo chini ndani ya filta vimevunjika.

Ukijani unaohusu ukarabati ni ule unaorudi mahali palepale ukutani ingawa vipimo vyote ni vizuri. Vaa soksi laini mkononi, pitisha ukutani. Ikinasa kila hatua, lipu imekuwa ya kukwaruza kama jiwe la kusugulia miguu na ukoga umeota mizizi kwenye matundu yake ambako dawa haifiki. Watoto wakitoka na vidole vya miguu vilivyochunika, ni habari hiyohiyo. Lipu ya hivyo haitibiki, inachongwa na kupigwa upya.

Pampu inapiga kelele au haivuti

Hili ni fupi. Pampu iliyowekwa juu ya usawa wa maji hupata shida zaidi kwetu kuliko pwani. Mbeya ipo takriban mita 1,700 juu ya bahari, na hewa nyepesi ya huku inaipunguzia nguvu ya kuvuta kwa karibu mita 2 za maji. Pampu ileile iliyofanya kazi vizuri Dar es Salaam inaweza kukohoa hapa. Ishushe, fupisha bomba, kagua ringi ya mpira ya kifuniko. Si sababu ya kugusa bwawa.

Mambo mawili yasiyosubiri msimu

Mtu akihisi umeme umemgusa kidogo ndani ya maji au aliposhika ngazi ya chuma, watu watoke mara moja, zima umeme kwenye swichi kuu, na pasiguswe mpaka fundi umeme mwenye leseni akague eathi. Taa za ndani ya maji ziwe za volti 12, na saketi ya pampu iwe na swichi ya usalama inayokata kwa miliampia 30. Bwawa la zamani lisilo na vitu hivi linahitaji ukarabati leo, hata kama tailizi zake zinang'aa kama kioo.

La pili ni kifuniko cha chini. Kikipasuka au kikikosekana, mvuto wa pampu unaweza kushika nywele au mwili wa mtoto akashindwa kupanda. Zima pampu, funga bwawa. Sina mjadala juu ya hili na mteja yeyote.

Ukiamua kufumua: mwezi gani?

Watu huniita Februari, kwa kuwa wakati wa mvua ndipo mambo mengi hujitokeza. Februari sitoi maji. Bwawa lililojaa linakandamiza udongo, na bwawa tupu ni kama mtumbwi. Ardhi ikiwa imejaa maji, yanaweza kulisukuma juu likapasuka au kung'oka mahali pake. Sehemu kama Tukuyu, inayopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, hatari hii ni ya miezi mingi. Kabla ya kutoa maji chimba shimo kando ya bwawa, lifikie kina cha sakafu yake kama udongo unaruhusu, uliache usiku kucha. Asubuhi ukikuta maji shimoni, ahirisha.

Juni na Julai ardhi inakauka, ila kuna baridi. Njombe na Mufindi umande huganda, na saruji inayoshika karibu na nyuzi 5 haikomai ipasavyo. Mimi hufanya vipimo na makubaliano Julai, natoa maji Agosti, na nataka kazi iishe kabla mvua za Novemba hazijagonga mlango. Ugumu wa ratiba hii ni kwamba Oktoba maji ya bomba huwa haba, kwa hiyo zungumza mapema na wenye maboza.

Maji unayotoa, acha siku kadhaa bila klorini mpaka kipimo kisome sifuri, ndipo yaende bustanini. Usiyaelekeze kwenye migomba ya jirani. Bwawa likiwa tupu, lizungushie uzio imara usiku na mchana. Shimo la mita 2 lenye sakafu ya zege ni hatari kwa mtoto hata bila maji.

Fundi atakayekuja, mwombe jambo moja kabla hajafungua boksi la kwanza la tailizi: zege na dawa ya kuzuia maji vikishakomaa, ajaze bwawa likiwa bado halina tailizi, na mfanye kipimo cha ndoo kwa siku tatu. Akikataa kwa sababu ya haraka, tafuta mwingine. Baada ya tailizi na grauti mimi husubiri wiki tatu kwa baridi ya huku, kisha najaza polepole, mdomo wa bomba ukiwa umefungwa kitambaa na kulazwa sehemu ya kina kirefu.

Saruji mpya itapandisha kipimo cha asidi (pH) juu ya 8 wiki za mwanzo, kwa hiyo pima kila siku na ukishushe. Wiki hiyohiyo rudisha ndoo kwenye ngazi ya kwanza. Namba utakayoipata, iandike kwa rangi ya mafuta ukutani mwa kibanda cha pampu, na tarehe yake, ili miaka saba ijayo fundi mwingine akifika awe na pa kuanzia.